Kwa Malu na Mama Yake

Goma, Keshero, tarehe 14 septemba 2025

Kwa Olive, mudogo wangu,

Kwanza pokea salamu, wewe na bwana yako Wenceslas na wote wa nyumba. Siye huku tuko, Mungu anatulinda. Janvier ameota jino la pili na ananiuma kila akinyonya. Benny amepona kikohozi. Bwana yangu Samy angali Vitshumbi kwa biashara ya samaki, wiki ya tatu sasa, na simu ya nyumba iko naye, na kule mtandao ni wa kubahatisha. Ndiyo unaona karatasi. Papa Honoré wa magunia anapitia Uganda, maana barabara ya huku imefungwa na vita, ameniahidi atakupa mukononi.

Na wewe, afya yako? Mugongo umepoa? Ama ungali unainama siku nzima juu ya wagonjwa na ile mashini ya ekografi, ya kuonea ndani ya tumbo?

Sasa nikwambie ya moyoni. Malu ameshamaliza mwezi hapa nyumbani. Miaka miwili na nusu alikuwa kwako juu ya vita, na nakushukuru, hilo sitalisahau. Ulipoandika kwamba vita inakaribia Lubero, huko upande wenu, mimi nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu nilipata sababu ya kusema arudi. Lakini mutoto niliyekupa si huyu uliyenirudishia.

Nikimupa chai asubuhi: « Kwa mama mudogo tunaweka maziwa. » Nikimusuka: « Mama mudogo havuti hivi. » Jana jirani yetu Mama Léoncie amemuuliza kwa mchezo tu, « Weye Malu, mama yako ni nani? » Akafikiri kwanza. Olive, mutoto wangu wa miaka kumi na moja akafikiri kwanza! Mama Léoncie alicheka mpaka akashika mulango. Mimi nikarudi ndani kukoroga maharage ambayo sikuwa hata nimeyaweka motoni.

Na sasa amepata ujanja mupya. Mara mbili tayari. Anashika tumbo, analia, anajikunja chini, anatapika. Mimi naacha kila kitu, namufunga Janvier mugongoni, natafuta moto, pikipiki ya kutupeleka kwa kituo cha afya. Kabla motard hajafika, yeye ameshasimama, anaomba bugali, na nusu saa baadaye naona anaruka kamba na wenzake. Mara ya pili alikuwa analia akisema, « Nataka kwa mama mudogo, yeye ana mashini. »

Umeona? Umemuzoesha. Anajua akiumwa kwako utamulaza kwa kitanda chako na kumuhudumia kama malkia. Hapa tuko watano kwa vyumba viwili. Sina kitanda cha mutu kuwa malkia.

Mwandikie aache. Na usitume tena jibini wala viatu. Vile viatu analala navyo.

Ni mimi yaya yako, dada yako mukubwa,
Kaswera


Butembo, tarehe 21 septemba 2025

Yaya Kaswera,

Salamu nyingi. Hapa tuko salama, mugongo unauma kidogo tu. Busu kwa Janvier na meno yake. Wenceslas anakusalimia.

Nisamehe juu ya maziwa na viatu, sikuvifanya kwa ubaya. Lakini kuna jambo nataka unijibu haraka. Maumivu ya Malu yako upande gani, kuume ao kushoto? Yanaanza polepole ao ghafla? Anatapika wakati uleule tumbo linapoanza, ao nyuma? Ana homa? Anaenda choo vizuri? Alikuwa anakimbia ao anaruka kabla ya kuanza? Na yakiisha, yanaisha kabisa, ghafla, kama hayakuwepo?

Yaya, mutoto anaweza kujilazimisha kulia. Kujilazimisha kutapika ni kazi.

Yakirudi, umupeleke wafanye ekografi wakati bado anaumwa, si nyuma. Usingoje ya nne.

Mudogo wako,
Olive


Goma, tarehe 30 septemba 2025

Olive,

Salamu. Tuko wazima.

Barua yako imefika. Nimehesabu maswali saba juu ya Malu na swali sifuri juu yangu. Na unaandika « usingoje ya nne ». Mimi nilikwambia mara mbili. Hata hesabu unataka kunisahihisha?

Nikujibu kidogo: ni upande wa kuume. Inaanza ghafla. Inaisha ghafla. Tumbo lilimushika mara ya tatu juzi akitoka kuchota maji ziwani. Safari hii nilimuita Mama Léoncie, ambaye amekanda matumbo ya nusu ya Keshero. Akamukanda na mafuta ya mawese, taratibu, akaniambia tumbo lilikuwa limeshuka na amelirudisha mahali pake. Kabla hajapangusa mikono, maumivu yalikuwa yameisha. Malu mwenyewe amesema « Asante, tate », kama tunavyowaita wazee. Basi kazi imeisha, na hakukuwa na haja ya mashini.

Lakini acha niseme na lingine, kwa vile karatasi ingali na nafasi. Shule ya wauguzi niliianza mimi. Mimi ndiye nilikuwa wa pili kwa kalasi. Nikapata mimba ya Malu, nikatoka, na ilipofika zamu yako ukaanza na blouse yangu nyeupe. Jina langu lilikuwa limeshonwa ndani ya kola. Najiulizaga kama ulilifumua ao ulilificha tu kwa nywele. Sikusema kitu. Nilikupa blouse, nilikupa na njia. Vita ikaja, nikakupa na mutoto. Sasa unataka kunifundisha na tumbo lake?

Wewe unaona matumbo ya watu kwa televisheni. Mimi nimebeba watatu ndani ya hili langu. Siku utakapozaa wako, utaniandikia maswali saba juu yake.

Usimwandikie tena Malu.

Kaswera


Butembo, tarehe 7 oktoba 2025

(Juu ya bahasha: KWA MALU NA MAMA YAKE, Keshero, kwa mukono wa Papa Honoré)

Malu wangu,

Habari ya masomo? Tumbo likianza tena, hata kidogo, hata ukiwa kwa kalasi, sema palepale. Usifiche ukiogopa watasema unajifanya. Na umutii mama yako, yeye ndiye mukubwa. Sasa mupe mama karatasi hii asome inayofuata.

Yaya,

Nivumilie kwa dakika tano, kisha unitukane. Ile ya mutoto wangu nimeisikia. Imeniingia, na nimeiweka kando. Jina lako kwa kola sikulifumua.

Hii ndiyo naogopa. Ndani ya tumbo la kila mutoto mwanamuke kuna ovari mbili, vifuko vya mayai, moja huku, moja kule. Kila moja inaning'inia kwa kikonyo chake, na karibu yake kuna mrija. Chukua sachet, mufuko mudogo wa plastiki, yenye nyanya moja ndani, ishike shingo, izungushe. Shingo inajinyonga. Ndivyo ovari inaweza kuzunguka, na mara nyingine inazunguka pamoja na mrija. Damu inabanwa, mutoto anaumwa sana, anatapika. Mara nyingine sachet inajifungua yenyewe, maumivu yanaisha palepale, anaomba bugali. Mama Léoncie si muongo. Ilijifungua wakati alikuwa anakanda, ndiyo anafikiri ni mikono yake. Lakini asikande tena, nakuomba.

Siku moja haitajifungua. Siku hiyo ni masaa tu. Ikichelewa, ovari inakufa.

Kwa hiyo siku hiyo: moto, lopitali, ekografi. Na usikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wenzangu wengi wanakosea.

Kibofu kiwe kimejaa. Kibofu kikiwa tupu hawaoni kitu. Asinywe maji kwa mdomo, maana labda watamupasua. Wamuwekee serum, maji ya mshipani, na wangoje kijae. Na kwa mutoto wanapitisha sonde, kile kichwa cha mashini, juu ya tumbo tu, si mahali pengine. Usiwakubalie.

Waangalie pande mbili na wapime zote mbili. Inayonyongwa inakuwa kubwa kuliko mwenzake, inasogea kuelekea katikati, na vimalengelenge vidogo vyeusi vinajipanga kwa ukingo wake kama shanga. Kisha watafute kikonyo chenyewe. Kikizunguka, kwa mashini kinaonekana kama gamba la konokono.

Watawasha rangi, nyekundu na bluu, ili waone damu. Rangi ikikosa, wakimbie. Rangi ikiwepo, watakuambia « damu inapita, rudi nyumbani ». Usirudi! Ovari inapata damu kwa njia mbili. Moja ikibanwa, nyingine bado inaweza kupitisha kidogo. Rangi kuwepo si kusema kwamba hakuna kitu.

Waoneshe karatasi hii kama hawakusikilizi. Nimeweka sahihi na cheo changu hapo chini, si kwa majivuno, ni ili ikusaidie.

Mudogo wako anayekupenda,
Olive, mutaalamu wa ekografi


Butembo, tarehe 18 oktoba 2025

Yaya,

Salamu kwa wote. Barua imefika? Papa Honoré anasema alikupa mwenyewe tarehe kumi na nne, na ulikuwa unafua.

Jana nimepiga kwa simu ya Mama Léoncie. Ameniambia umeenda soko ya Virunga. Yaya, nilikusikia nyuma yake ukisema, « Mwambie nimeenda soko ya Virunga. »

Sikasiriki. Niambie tu Malu yuko aje.

Olive


Goma, tarehe 28 oktoba 2025

Kwa mudogo wangu Olive,

Nakusalimia kwa mikono miwili. Malu ni muzima. Nimeanza na hilo ili usome yanayobaki ukiwa umekaa.

Barua yako ilifika kweli tarehe kumi na nne. Sikuifungua. Niliona juu ya bahasha, KWA MALU NA MAMA YAKE. Jina lake mbele, mimi nyuma, na sina hata jina, niko tu « mama yake », kama mutu anayefuata muzigo. Nikasema, kama ni ya Malu, basi atasoma siku nitakapotaka mimi. Nikaitia ndani ya ndoo ya unga, chini kabisa. Siku tisa, Olive. Kila siku nilichota unga juu yake.

Siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na tatu, yapata saa nne asubuhi, mwalimu wa Malu alimuleta na moto. Alikuwa ameanguka kwa kiwanja cha shule. Uso majivu, jasho, amejitapikia shati. Mwalimu akasema, « Mama, huyu si wa kuchelewa. »

Na unajua nilisema nini? Lazima niandike, hata kama mukono hautaki. Nilimuambia mutoto wangu akiwa amejikunja kwa sakafu, « Malu, kama ni kwenda kwa mama yako mudogo unataka, sema tu waziwazi, uache kunitesa. »

Akaniangalia. Akasema, « Mama, sitaki kwenda popote. Nataka tu iishe. »

Nikamwaga unga wote chini. Ndoo nzima. Benny, ambaye anasoma mchana, alifikiri nimepata wazimu. Nikafungua bahasha na meno, kwa sababu Janvier alikuwa kwa mukono mwingine. Nikasoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwa « siku hiyo ni masaa tu », nikamutupia Mama Léoncie watoto wawili juu ya ukuta bila kueleza kitu. Alikuwa ameshika chupa ya mawese tayari. Nikamuambia, « Tate, hapana leo. » Alivyoniona, hakubisha.

Tulienda lopitali moja upande wa Katindo. Jina sitaandika, maana mwishowe walitufanyia muzuri. Mutu wa ekografi anaitwa Papa Julien, muzee mwenye miwani inayoshikwa na waya. Akamupaka Malu ile mafuta ya baridi, akapitisha sonde, akawasha rangi. Niliona nyekundu na bluu, zinacheza.

« Mama, damu inapita vizuri », akasema. « Apendisi siioni. Ni minyoo, ama chakula. Nitamwandikia kitu, murudi nyumbani. »

Hata hakujua kwamba amesema maneno yako, moja baada ya lingine. Nikavuta kiti, nikakaa.

Nikasema, « Papa, kibofu chake kilikuwa kimejaa? »

« Nini? »

« Kibofu. Mutoto ametapika tangu asubuhi, na kwa shule alijikojolea. Ndani ni tupu. Umeona nini na kibofu tupu? »

Akashusha miwani. « Mama, weye ni munganga? »

« Hapana. »

« Basi ni nani munganga hapa, mimi ao wewe? »

« Ni wewe, papa. Mimi ni mama yake. Lakini siondoki kwa kiti hiki. »

« Kuna wagonjwa kumi na watatu kule inje. »

« Nimewaona. Waingie, wamuangalie naye. »

Akakasirika, nakuambia. Hapo nikamupa karatasi yako. Ilikuwa na unga mpaka kwa mikunjo, ikamwagika juu ya mashini yake, akaipuliza. Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena. Akauliza, « Aliyeandika hii yuko wapi? » Nikasema Butembo. Akasema, « Alisoma vizuri sana huyu dada. Ningempata hapa, ningelala usingizi. »

Olive, mutoto wangu alikuwa analia kwa kitanda, na mimi, wakati uleule, nilisikia wivu. Kidogo, kama sindano. Hata pale! Sijui moyo wangu umetengenezwa na nini.

Wakamuwekea serum. Tukangoja karibu saa moja, mimi nikimushika muguu ili asijikunje. Kisha Papa Julien akarudia. Alipima kushoto, sentimetre mbili na nusu. Akapima kuume, ikapita sita. Haikuwa hata upande wa kuume tena, ilikuwa imekuja kukaa katikati, juu ya kibofu. Akageuza televisheni ili nione. Nikaona shanga. Mimi mwenyewe, Olive, kabla hajanionesha. Nyeusi ndogondogo, zimejipanga kwa ukingo. Kisha akatelemusha sonde polepole sana, akasimamisha picha, akasema peke yake, « Konokono, ile pale. » Na rangi bado ilikuwepo, kidogo, nyekundu upande mumoja tu.

Akavua miwani. « Mama, nisamehe. Tumuingize sasa hivi. »

Saa nane walikuwa wameshamufungua. Munganga mwanamuke aliyemupasua alinieleza nyuma. Ovari na mrija wake vilikuwa vimezunguka pamoja mara mbili na nusu. Ilikuwa na rangi ya bilingani. Wengine wangeikata, alisema, lakini yeye aliifungua, akaifunika na vitambaa vya maji ya moto kiasi, akangoja. Rangi ilirudi sehemu, si yote. Ameiacha ndani. Kama iko hai ao imekufa, amesema, hatuwezi kujua leo. Baada ya wiki nane arudi kwa ekografi, ndipo tutaona kama inatengeneza tena vile vimalengelenge.

Nimemuuliza, kama ningekuja siku ya kwanza? Akaniambia nikanyonyeshe, blouse yangu ilikuwa imelowa.

Malu nimemuambia kila kitu, juu ya bahasha na unga. Aliniuliza kama unga uliharibika. Kisha akalala.

Kile niliandika juu ya mutoto wako, kitoe kwa barua. Kikate na mukasi. Sikuwa na haki.

Yaya yako,
Kaswera


Butembo, tarehe 6 novemba 2025

Yaya wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini, mugonjwa akiwa kwa kitanda, akaniuliza, « Munganga, ni mimi nina shida hivyo? » Nikamutoa wasiwasi, nikaenda kulia nyuma ya tanki ya maji.

Malu anakula? Kovu liko kavu? Asibebe bidoni ya maji, asiruke, mpaka wakuruhusu. Na wewe, lini ulilala masaa sita yanayofuatana? Unaona, sasa nimekuuliza na wewe.

Unaniomba msamaha, yaya. Siwezi kuupokea kabla sijakuambia kitu.

Uliniuliza kwa hasira kwa nini niliandika « usingoje ya nne » wakati ulisema mara mbili. Ni kwa sababu nilikuwa na yangu. Mwezi wa saba, hapa kwangu, Malu alishikwa na tumbo. Upande wa kuume, ghafla, akatapika. Robo saa, ikaisha. Mimi nikampa dawa ya minyoo.

Mimi, mwenye kuandika ile karatasi. Mashini iko mita mia tatu kutoka kwa nyumba, funguo ziko kwa mukoba wangu. Sikumupeleka. Nilijiambia imeisha, ni minyoo. Lakini ukweli ni huu: kama ningemupeleka na kuona kitu, ningelazimika kukuambia, na ungesema, mulete nyumbani. Nilitaka wiki nyingine. Na baada ya hiyo, nyingine. Ulipomuita mwezi wa nane, nilimufungasha bila kukuambia, kwa sababu niliona aibu.

Wewe uliweka barua siku tisa ndani ya unga. Mimi niliweka zaidi ya miezi mitatu ndani ya mudomo.

Na unafikiri wivu ni wako peke yako. Nikuambie jinsi ilikuwa. Siku ile ya mwezi wa saba, mutoto niliyemulea miaka miwili na nusu, niliyemuosha, niliyemufundisha kugawanya, alijikunja kwa kitanda changu na akaanza kuita. Nilikuwa nimemushika. « Niko hapa », nilimuambia, « Malu, niko hapa. » Akanisukuma kwa mikono, akaendelea kuita, « Mama Kaswera, mama Kaswera. » Kwa jina, ili nisikosee.

Nikasimama na dawa ya minyoo kwa mukono.

Sasa unaweza kuacha kuniandikia. Nitaelewa.

Mudogo wako,
Olive


Goma, tarehe 22 desemba 2025

Olive,

Salamu, wewe na Wenceslas. Hatujambo. Samy amerudi, amekonda, amepanda juu ya nyumba anapigilia mabati. Janvier anasimama akishika kitanda. Benny ameanguka shuleni, somo la hesabu, namwambia ni ya baba yake.

Barua yako imekaa kwangu zaidi ya mwezi. Safari hii niliifungua siku ileile. Niliisoma, nikaikunja, nikafua nguo zote za nyumba na hata zile safi. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo hayafutiki. Nilikuwa nayo tayari, yalikuwa mazuri, yanaumiza. Kila nikishika bic, Janvier analia, ao moto unazimika. Wiki zikapita. Kisha nikaona kwamba kila neno nililotaka kukutupia ningelazimika kulila mimi kwanza. Nikaacha.

Lakini usifikiri nimesahau mwezi wa saba. Nimekusamehe na bado nina hasira, vyote viwili viko nyumba moja. Utavumilia. Siku nyingine mutoto akipiga chafya kwako, mimi nijue kabla hajapangusa pua.

Ile ya « Mama Kaswera » kwa jina, nimeisoma mara nyingi. Sitasema mara ngapi.

Sasa sikia. Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na nane, tulienda. Safari hii Malu alikunywa maji mpaka akawa anatembea kama bata. Papa Julien amenunua miwani mipya. Alituona kwa mulango, akapaza sauti kwa wagonjwa wote, « Mutoke njiani, munganga mukuu wa Keshero amefika. » Watu wakageuka. Nilikuwa na Janvier mugongoni na sandali za Samy kwa miguu.

Malu akalala mwenyewe, akapandisha blouse mwenyewe. Papa Julien akageuza televisheni upande wetu bila kuombwa. Alianza na ya kushoto. Alikaa huko muda murefu, nilitaka kumupiga. Kisha akaenda kuume. Akapima: tatu kasoro. Imerudi mahali pake. Akaongeza mwangaza, akasogeza picha karibu. Malu ndiye akauliza, « Papa, iko hai? »

Akasema, « Hesabu weye mwenyewe. » Akaweka kidole kwa kioo. Vimalengelenge vitatu. Si vile vya kujipanga kwa ukingo kama siku ile, bali vya kutawanyika, kila kimoja na ukubwa wake. Na rangi, nyekundu, imeingia mpaka ndani. Papa Julien akasema, hii ni ovari inayofanya kazi yake. Juu ya mrija hawezi kuapa, mrija mashini haiuoni vizuri ukiwa muzima. Lakini maji ya kutisha hakuna. Arudi baada ya miezi sita.

Nililia kwa kelele. Malu akaniambia, « Mama, watu wanasikia. »

Akatoa picha moja tu, karatasi ya mashini inakaribia kuisha, wagonjwa wengine nao wanangoja. Malu alisema ni yake kwa sababu ni tumbo lake. Nikasema ni yangu kwa sababu nilimuzaa. Tuligombana nayo kutoka Katindo mpaka Keshero, watatu juu ya moto moja, motard akasema, « Mukiipasua, mutaniambia nani amekosea. »

Jioni nikaiangalia vizuri peke yangu. Naona mawingu. Vile vimalengelenge nilivyovihesabu pale, hapa sivioni tena. Nageuza juu, nageuza chini, ni mawingu. Ni wewe tu unaweza kuniambia kama kweli viko vitatu, ao Papa Julien alitaka kutufurahisha juu ya kosa lake.

Basi nimeiweka ndani ya bahasha hii, katikati ya kartoni mbili, isikunjamane. Nimeandika juu KWA OLIVE, peke yako. Iangalie na macho yako yaliyosoma. Pima kile unachopima. Niandikie ukweli, hata kama si muzuri.

Ukimaliza, uirudishe. Ni tumbo la mutoto wangu.

Yaya yako,
Kaswera